Mtu Asiye wa Kijiji Chochote

Katika kata yetu nzima, kuanzia barabara ya Soni hadi msituni juu, ni mimi peke yangu niliyewahi kula kiapo cha kutokuwa mtu wa nchi yoyote. Najua wapo watakaosema najisifu. Wana haki ya kusema hivyo, kwa sababu kweli najisifu. Kiapo hicho ndicho kilichonijengea nyumba hii yenye marumaru na bati la msauzi, na ndicho kinachonifanya nikae humu peke yangu jioni, ukungu ukipanda kutoka bondeni na kufunika hata geti.

Niliondoka hapa nikiwa na suruali moja ya shule. Arusha, kwenye makao makuu ya jumuiya ya nchi zetu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusukuma kitoroli cha chai. Hakuna mjomba aliyenipigia simu wala mbunge aliyeniandikia barua. Wenzangu walipotoka kazini kwenda kunywa, mimi nilikwenda darasani, na miaka ilivyopita nikapata stashahada ya utawala. Ipo sebuleni ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Kutoka kwenye kitoroli nikawa tarishi, kutoka utarishi nikawa karani, na nikastaafu nikiwa afisa wa mikutano. Nimewahi kumwambia waziri, kwa adabu, kwamba kiti alichokalia si chake, naye akainuka.

Siku niliyopewa uafisa niliapishwa. Nilisimama mbele ya bendera zote, nikainua mkono, nikaahidi kwamba katika kazi ile sitapokea maagizo ya serikali yoyote, hata ya nchi yangu, wala kuipendelea. Wenzangu wengine waliyasoma maneno yale kama mtu anavyosoma bei ya sukari, lakini mimi niliyaamini. Niliona kwamba nchi zikikaa pamoja mezani lazima awepo mtu asiyekuwa wa nchi yoyote kati ya hizo, la sivyo kila anayeshika kalamu ataivutia kwake.

Mara moja tu niliulizwa swali lililonisumbua. Tulikwenda mpakani kuwasikiliza wafanyabiashara, akasimama mama mmoja muuza vitunguu. Kanuni zetu mpya zilikuwa zimemwozeshea mzigo.

"Diwani wangu akiniudhi najua nitamfanya nini," alisema. "Mbunge akiniudhi najua pia. Sasa wewe baba mwenye tai, ukiniudhi, nikunyime kura wapi?"

Ukumbi ulicheka. Mkuu wangu akampa jibu ambalo mimi ndiye niliyemwandikia: kwamba wananchi huchagua viongozi wa nchi zao, viongozi huteua mawaziri, mawaziri huketi pamoja na kututeua sisi, kwa hiyo ridhaa ya wananchi hutufikia ngazi kwa ngazi.

"Ngazi yenyewe ndefu," alisema yule mama akikaa. "Mimi huku chini siwaoni."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka, ila pia sikuona kosa katika jibu letu. Hata leo silioni. Nani mwenye akili atawaitisha watu wa nchi nzima wapige kura ya kumchagua mpanga viti?

Nilistaafu nikiwa mjane. Mtoto wangu mmoja anafanya kazi Mwanza, mwingine yuko nje ya nchi, na wote wawili hupiga simu Jumapili. Nilirudi kwenye shamba la baba, katika kijiji cha juu, nikajenga. Watu walikuja kuitazama nyumba, wakaisifia, wakanywa soda, wakaenda zao. Vijana hunipa shikamoo na kupita. Waliokuwa wa rika langu wengi wamekufa, na waliobaki waliniona kama wazungu wanaokuja Irente kupiga picha bonde: mtu wa kuheshimiwa na kuelekezwa njia.

Aliyebaki wangu ni dada yangu mmoja, mkubwa kwangu, mjane kama mimi, anayekaa chini kidogo ya kaburi la baba na kulima kabichi kwenye matuta. Kwake nilikula kila jioni. Aliniita "mdogo wangu" mbele za watu, mimi mwenye mvi, na alikuwa mtu pekee duniani aliyenigombeza kwa kutovaa sweta.

Kijito chetu kinaanzia msituni, kinapita kijiji cha juu, kisha cha kati, kisha cha chini. Mvua zikikatika maji hayatoshi. Watu wa juu wakiyaelekeza yote kwenye mfereji wao, kabichi za chini hukauka, na watu wa chini hupanda na mapanga. Kila mwaka palikuwa na mtu wa kupelekwa hospitali. Wenyeviti watatu wa vijiji walijua dawa ni kufunga na kufungua kwa zamu pale kwenye banio, ule ukuta wa mawe unaogawa maji. Lakini wote watatu walikuwa wamechaguliwa. Mwenyekiti wa juu angewafungia watu wake maji Jumatatu, na siku ya uchaguzi watu wake wangemfungia yeye.

Basi wakaja kwangu wote watatu, wakakaa kwenye sofa zangu.

"Bosi," alianza mwenyekiti wa chini, "wewe umezoea kusuluhisha nchi. Vijiji vitatu vitakushinda?"

"Haviwezi kunishinda," nilisema.

"Tumekubaliana kukuteua uwe msimamizi wa maji. Ufunguo wa lango la banio utakaa kwako."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nikawaambia nakubali, ila kwa utaratibu: nitakula kiapo. Walitazamana, mmoja akakohoa kuficha kicheko, lakini walikubali. Tulikusanyika darasani katika shule ya msingi, wenyeviti, wazee wachache na walimu. Nilivaa suti yangu ya kijivu. Niliyachukua maneno ya Arusha nikayageuza yafae kwetu. Nikasema kwamba nikiwa katika kazi hii mimi si mtu wa kijiji cha juu, wala cha kati, wala cha chini. Kisha, ili watu wa chini wasiwe na shaka nami, nikaongeza langu mwenyewe: "Mbele ya maji haya, mimi sina kwetu."

Wazee wa kijiji cha juu waliinamisha vichwa. Nilidhani ni heshima.

Jioni nilimkuta dada anachochea moto. Hakugeuka.

"Umesimama mbele ya watu," alisema kwa Kishambaa, "ukasema huna kwenu?"

"Ni maneno ya kazi, dada. Hata Arusha..."

"Baba amelala pale kwenye migomba. Naye ni wa kazi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo Arusha ilikuwa imenisahaulisha. Kwetu mtu hakani kwao kwa mdomo, hata kwa utani. Baba yetu mdogo aliwahi kufanya hivyo kwa hasira, tukiwa wadogo, na haikuchukuliwa kuwa hasira tu. Ilibidi wazee waitwe, apelekwe kaburini kwa babu, ayarudishe maneno yake, achukue maji mdomoni ayapulize chini, na ndugu wamjibu kwamba wamesikia. Hadi hapo hakuna aliyekula naye. Wanaokwenda kanisani na wanaokwenda msikitini, wote katika hili ni kitu kimoja.

"Jumapili tukitoka ibadani twende kaburini," alisema dada. "Useme una kwenu. Mimi nitakujibu. Yaishe."

Nilifikiri sana, makande yakipoa kwenye sahani. Watu wa chini wakisikia kwamba msimamizi wao amekwenda kwenye makaburi ya kijiji cha juu na kutangaza kuwa yeye ni wa huko, nani angeamini mkono wangu kwenye lango?

"Nitakwenda," nilimwambia. "Lakini mvua zikishanyesha."

"Kwa hiyo hadi mvua huna kwenu."

"Hadi mvua."

Alininawisha mikono kama kawaida, akanisindikiza hadi kwenye njia. Kesho yake nilikuta mlango wa jikoni umerudishiwa. Akasema kutoka ndani kwamba kichwa kinamuuma. Nilirudi nyumbani nikakaanga mayai, nikala nimesimama.

Kazi niliifanya vizuri, na hili nalisema bila aibu. Nilipanda kwenye banio alfajiri na fimbo yangu, nikafunga na kufungua kwa zamu, na sikumpendelea mtu. Lakini kila nilipopita pale vijana wanapotengeneza bodaboda, mmoja alipiga kelele: "Shikamoo, zumbe wa mfereji!" Zumbe ni cheo cha machifu wetu wa zamani. Wenzake walicheka hadi spana zikawaponyoka.

Mzee mmoja wa kijiji cha juu, rafiki wa marehemu baba, alinisubiri siku moja kwenye banio. Shamba lake ndilo la kwanza chini ya lango.

"Wanakutania kwa uzumbe," alisema.

"Nawasikia, baba."

"Wanakosea. Zumbe hatukumchagua, ni kweli. Lakini tulimjua babu yake. Wewe umesema huna."

Nikamweleza ile ngazi ya Arusha. Nikamwambia: nyinyi mlimchagua mwenyekiti wenu kwa kura, mwenyekiti akaketi na wenzake, wakaniteua. Kwa hiyo ni kama mmenichagua nyinyi.

"Tulimchagua yeye," alijibu mzee. "Hatukumwambia atuchagulie na wengine."

"Mbona mtendaji wa kijiji hamkumchagua, na mnamtii?"

"Mtendaji katokea Handeni. Ametumwa na serikali, tunaijua, na siku moja atahamishwa." Akanitazama kwa huruma iliyoniumiza kuliko utani wa vijana. "Wewe watakuhamishia wapi?"

Ukame ulizidi. Ikafika wiki ambayo hata katika kijiji cha juu, kilicho karibu na msitu, majani ya kabichi yalianza kulala. Ilikuwa zamu ya kijiji cha chini. Niliwaona wanawake wa kwetu, wanaoimba kwaya na dada, wamesimama kwa mbali kwenye njia, wakizungumza. Kisha mmoja akatoka kati yao akaja, na jembe begani. Walikuwa wamemtuma dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliweka jembe chini. "Tupe nusu siku tu. Hadi jua lifike pale."

"Nusu siku ni ya watu wa chini."

"Watu wa chini wanakuona? Wako huko chini, watadhani maji yamechelewa. Maji huchelewa."

"Mimi nitajua."

"Mdogo wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu siku ile ya jikoni. "Kabichi zangu zikifa sitakufa njaa, una hela za kunilisha, kila mtu anajua. Siziombei kabichi. Nakuombea wewe. Wale wanawake wananiangalia wajue kama nina ndugu."

Sijawahi kuombwa kitu kwa ufupi na ukamilifu kama ule, na nimeketi na mabalozi. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilijua pia kwamba nikiufungua mfereji wa kwetu asubuhi ile, kesho mtu wa chini angekuja na ombi lake, na yeye pia angekuwa ana mama au shemeji, na kabla ya mwezi kuisha tungerudi kwenye mapanga.

"Siwezi, dada."

Alichukua jembe lake. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Wanawake walimpisha njiani, akapita katikati yao.

Maji yalifika chini. Jioni mwenyekiti wao akaniletea gunia la kabichi kwenye pikipiki, nzuri, ngumu kama mawe. Nikamwambia nashukuru lakini siwezi kupokea, watu wa juu watasema nimenunuliwa.

"Bosi, hii ni mboga!" alishangaa. "Mboga nayo ni rushwa?"

"Leo ni rushwa."

Alifunga tena gunia lake kwa kamba, taratibu, akaondoka akiwa amenuna. Nikabaki getini. Kwetu walininunia kwa kuwanyima, na sasa wa chini wameninunia kwa kuwakatalia.

Kisha mvua zikanyesha. Msimu ule hakuna aliyepelekwa hospitali. Hakuna aliyekuja kunipongeza pia, kwa kuwa maji yakiwa mengi hakuna anayefikiria lango. Nilitaka kwenda kwa dada kumwambia kwamba sasa twende kaburini, lakini kabla sijapata ujasiri wa kubisha hodi, wenyeviti walirudi kwenye sofa zangu.

"Tumekaa," alisema mwenyekiti wa kati, "tumekuteua tena kwa kiangazi kijacho. Na tukuongezee miaka."

Hapo nikamkumbuka yule mama wa vitunguu. Nikamwona kabisa, na kanga yake kiunoni, akiuliza aninyime kura wapi.

"Msiniteue," nilisema. "Kawaulizeni watu. Kila kijiji kiulizwe peke yake, mbele ya vyote, ili kikubwa kisikimeze kidogo. Kijiji kimoja kikikataa, mimi basi."

Mwenyekiti wa juu aliruka kwenye kiti. "Bosi, unatafuta nini? Wa kwetu watakukataa mchana kweupe!"

"Basi wakatae."

Waliona nimewapa somo la utawala bora, na niliwaacha waamini hivyo. Kweli nilitaka watu waulizwe. Lakini chini ya hilo palikuwa na lingine ambalo sikumwambia mtu. Nilitaka kijiji cha juu kinikatae. Nilitaka wainuke, wa kwetu, waseme hapana, ufunguo wachukue wengine, ili Jumapili ileile nishuke kwenye migomba, niweke maji mdomoni, dada anijibu, halafu tukale. Nimepigania kila cheo nilichopata maishani. Hiki ndicho pekee nilichotamani kukikosa.

Mkutano ulifanyika kwenye banio siku ya msaragambo, wakati vijiji vyote vinapokutana kuzibua mifereji iliyojaa mchanga wa mvua. Watu walikuwa na majembe na matope magotini. Mimi nilikuwa na koleo jipya na sikuwa na matope mengi. Mtendaji wa kata aliita kijiji cha chini, na mikono ikainuka kama mahindi. Akaita cha kati, wakanong'ona kidogo, ikainuka pia.

"Kijiji cha juu. Wanaokubali?"

Hakuna mkono.

"Wanaokataa?"

Hakuna mkono pia. Walitazama chini. Niliuona mdomo wa yule mzee rafiki wa baba ukifunguka, nikamwombea Mungu aseme.

Aliyesimama ni dada.

"Mtendaji, mimi si msemaji," alisema. "Lakini binti akiposwa, huwa tunaulizwa kama tunamtoa. Wanakuja watu, wanakaa, wanauliza. Tusipoulizwa, hata mkwe awe mtu mwema namna gani, huyo binti ametoroshwa." Watu wakacheka kidogo, mwenyekiti wa chini akaguna. "Huyu mwaka jana alitoroshwa. Wenyeviti walikaa kwenye sofa wakamchukua. Tulikasirika, na tulikuwa na haki."

"Kweli!" alisema mtu nyuma.

"Kazi yake tumeiona. Alininyima maji mimi, wa tumbo moja. Aliyeninyima mimi hawezi kumpendelea yeyote." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, na macho yake yalikuwa makavu. "Leo mmekuja, mmetuuliza. Basi tumemtoa. Ni wenu wote."

Akainua mkono wake. Baada yake ukainuka wa yule mzee, kisha ya wanawake wa kwaya, kisha ya vijana wa bodaboda, kisha ya kijiji chote cha juu.

Walinipigia makofi. Mtendaji akanitaka niseme neno. Nimewaandikia wakubwa hotuba nyingi za shukrani, na nikatoa moja nzuri, fupi, bila karatasi, na watu wakaifurahia. Sasa hakuna ambaye angeweza kuniuliza nani alinichagua. Ni afisa gani wa Arusha anayeweza kusema hivyo? Nilichaguliwa na watu wote wa maji yale, kijiji kwa kijiji, mchana, mbele ya mashahidi.

Kwa dada nilikwenda walipokuwa wanaosha majembe.

"Dada, lile la kaburini," nilianza.

"La kaburini halipo tena," alisema. Hakuwa na hasira. "Ungeyarudisha maneno, ungekuwa wetu, na hawa tuliowapa tungewaambia nini? Kawatumikie." Kisha akaongeza, kama anavyomwambia mgeni anayeondoka jua likizama, "Baridi inakuja."

Kutoka kwenye banio kuna njia tatu. Watu walibeba majembe yao wakaanza kushuka na kupanda, wakiongea kwa sauti, wakiitana. Watu wa chini walidhani nitaondoka na wa juu, kwa kuwa nyumba yangu iko huko. Watu wa juu walishaondoka, wakidhani nimebaki na wa chini wanaonishukuru. Nilisikia kicheko cha wanawake wa kwaya kikipotea kwenye ukungu, na sauti ya dada ilikuwa ndani yake. Nilikagua lango, nikatoa tawi lililokuwa limekwama, na nikasubiri hadi njia ya juu ilipokuwa tupu ndipo nikaanza kupanda.